Ngoma Ndani ya Kioo: Manung'uniko ya Mfuta Vumbi wa Zamani

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Nilifanya kazi miezi minane katika jumba dogo la kumbukumbu za muziki, na karibu kila siku methali hii ilinijia kichwani nikiwa na kitambaa mkononi, nafuta alama za vidole kwenye kioo. Jina la jumba hilo silitaji. Mwenyewe akisoma insha hii atajitambua, na akijitambua najua atacheka kidogo kabla ya kukasirika.

Nilipanga chumba Mutanga Nord, karibu na chuo, na nilihitaji pesa za kodi. Patroni alikuwa mtu aliyeishi Ulaya miaka mingi, akarudi na masanduku ya santuri, magitaa mawili, mashati ya wanamuziki yaliyotiwa saini, na mapenzi makubwa ya muziki wa roki. Alikodi nyumba, akaipaka rangi nyeusi ndani, akaweka taa ndogo, akaiita makumbusho. Katika chumba cha mwisho aliweka ngoma moja ya Kirundi ndani ya sanduku la kioo, na juu yake kibao kilichosema kwamba ngoma za Burundi ziliutikisa muziki wa roki duniani. Kibao hicho kilisema kweli. Ndiyo maana insha hii imekuwa ndefu.

Nataka kufanya uhakiki wa makumbusho ya muziki kama mtu anavyohakiki kitabu: yanasimulia nini, yanamsimulia nani, na yanaacha nini nje. Nitaanza na manung'uniko yangu ya mfanyakazi, kisha nitayapeleka mbali zaidi, hadi Zanzibar na Cleveland, kabla ya kurudi kwenye ile ngoma.

Nung'uniko la kwanza ni la masikio. Kanda iliyokuwa ikipigwa humo ndani ilikuwa ya dakika 12. Kazi ilikuwa ya saa nane. Msomaji aliyepita darasa la sita atapata jibu haraka: mara 40 kwa siku, isipokuwa siku ambazo umeme ulikatika na Mungu akanihurumia. Wimbo unaoupenda, ukiusikia mara 40 kwa siku, unageuka kuwa kama sauti ya friji. Wageni walisikiliza mara moja, wakatikisa kichwa, wakaenda zao wakisema pale ni mahali pa ajabu. Mimi nilijua ni sekunde gani gitaa linaingia na ni sekunde gani nikohoe. Jumba lililojengwa kwa ajili ya kuuheshimu muziki lilinifanya niuchukie. Patroni nilipomwambia, alinijibu, "Wewe hukuajiriwa kusikiliza." Kwa mawazo yangu, hilo ndilo kosa la kwanza la makumbusho mengi ya aina hii. Anayekaa na muziki siku nzima hatarajiwi kuusikia.

Nung'uniko la pili ni la macho. Muziki hauonekani. Kwa hiyo jumba la muziki hulazimika kuonesha vitu vilivyokuwa karibu na muziki: shati, kiatu, tiketi ya onesho, karatasi yenye maneno yaliyokatwakatwa kwa kalamu. Mgeni mmoja aliyetoka kazini na begi lake begani alisimama mbele ya shati moja kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Kaka, huyu mtu aliimba au alishona?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aliimba. Akauliza tena, "Sasa mbona mnatuonesha nguo?" Nilijaribu kueleza habari za saini, lakini nikaona nafanana na mchuuzi wa mitumba anayesifia koti.

Hapa ndipo naomba tuondoke Bujumbura kidogo, maana swali la yule ndugu linahusu majumba makubwa kuliko letu.

Afrika Mashariki ina makumbusho moja mashuhuri ya mwanamuziki wa roki. Yako Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na yalifunguliwa Novemba 2019. Ni ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa shule ya bweni India, akarudi kijana, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikoanzisha bendi ya Queen na wenzake mwaka 1970, huko ndiko alikofia tarehe 24 Novemba 1991. Kisiwa kilichomzaa kilisubiri miaka 28 baada ya kifo chake, na mwaka mmoja baada ya filamu ya 2018 iliyompeleka katika kila sinema duniani, ndipo kikampa nyumba.

Sijaingia ndani ya nyumba hiyo, kwa hiyo vilivyomo sivihukumu. Ninachokihoji ni wazo lenyewe. Mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu hakuchezea kwao. Alichezea London, Montreal na São Paulo. Alipopanda jukwaani Wembley tarehe 13 Julai 1985 katika tamasha la Live Aid, fedha zilizokuwa zikichangwa zilikuwa za kuisaidia Ethiopia yenye njaa, na sidhani kama wengi waliokuwa wakimtazama walijua kwamba mwimbaji yule mwenyewe ni mzaliwa wa Afrika Mashariki. Mwaka 2006, mipango ya kusherehekea miaka 60 tangu kuzaliwa kwake Zanzibar ilipingwa na kikundi cha kidini cha Uamsho. Kwa hiyo nyumba ya Shangani imebeba mzigo mzito. Inatakiwa imrudishe nyumbani mtu ambaye nyumbani hapakukubaliana juu yake, na ifanye hivyo mbele ya watalii waliokwisha kumjua kabla hawajapanda ndege.

Na vitu vyake je? Septemba 2023 vitu vilivyokuwa katika nyumba yake ya London vilipigwa mnada na Sotheby's. Piano aliyoitumia kutunga nyimbo zake kubwa iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Mnada mzima ulipita pauni milioni 39. Ukitaka kujua kwa nini makumbusho ya nchi zetu hujaa picha na maelezo ukutani, anza na hesabu hiyo. Kitu chenyewe huenda kwa mwenye fedha, nasi tunabaki na picha yake na anwani ya nyumba. Nasema hivyo bila dharau. Anwani si kitu kidogo. Mtoto wa Shangani anayepita mlangoni akienda shule anajua kwamba mtu aliyetoka kwenye vichochoro vile aliimba mbele ya maelfu. Lakini jumba likimpa mtoto huyo picha ya kutazama tu, bila kinanda cha kugusa wala mwalimu wa kumfundisha noti tatu, limemwambia nusu ya habari. Limemwonesha kwamba inawezekana, halafu likamfungia mlango wa namna ya kuanza.

Sasa twende Cleveland, Marekani. Huko ndiko liliko jumba kubwa linalojulikana zaidi la muziki wa roki, lililofunguliwa Septemba 1995 ukingoni mwa Ziwa Erie, likiwa limechorwa na msanifu I. M. Pei. Jumba hilo huchagua wanamuziki wa kuingizwa katika orodha yake ya heshima. Mwaka 1997 lilimwingiza Joni Mitchell, mwanamuziki kutoka Kanada. Mwaka 2001 likaingiza Queen.

Jina la Joni Mitchell linatuhusu sisi Warundi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Wafaransa walirekodi ngoma za Burundi na kuzitoa katika santuri ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja Mfaransa aliichukua rekodi ya ngoma, akaongeza vinanda na gitaa juu yake, akaitoa kwa jina la Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell aliziweka ngoma za Burundi chini ya sauti yake katika wimbo wa The Jungle Line. Ilipofika mwaka 1980, bendi za London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow zilikuwa zimejenga mapigo yao juu ya mdundo huohuo, na waandishi wa muziki wakauita mdundo wa Burundi. Mwaka 1982 wapiga ngoma wenyewe walikwenda Uingereza kwenye tamasha la kwanza la WOMAD, wakapanda jukwaa moja na bendi za roki.

Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba mpiga ngoma wa Burundi yumo Cleveland. Ameingia kwa mlango wa nyuma, amebebwa ndani ya santuri ya mtu mwingine, na hakuna aliyemwomba tiketi wala aliyemwandika katika daftari la wageni.

Habari hii ndiyo iliyokuwa kwenye kibao cha Patroni, na nilikuwa nikiisimulia kwa majivuno. Nilikuwa nimeikariri. Wageni kutoka Ulaya walishangaa, vijana wa mashirika walipiga picha, ndugu zetu wanaorudi likizo Julai na Agosti walipiga makofi. Nilijiona kama balozi. Kisha likaja nung'uniko la tatu, na hili si langu. Nilipewa.

Siku moja, katika majuma yale ambayo mafuta ya gari yaliadimika na watu wengi mjini wakawa wanatembea kwa miguu, aliingia kijana mmoja na babu yake. Walikuwa wamechoka, nadhani walitafuta kivuli zaidi ya makumbusho. Mzee huyo alitoka upande wa Gitega. Alivaa koti la zamani, ameshika kofia mkononi kama mtu aliyeingia kanisani. Nilimkaribisha, nikampa kiti, akakataa. Alisimama mbele ya spika, si mbele ya kioo. Aliisikiliza kanda yote, dakika zote 12, jambo ambalo hakuna mgeni aliyewahi kulifanya. Ikaisha, ikaanza tena. Ndipo aliponiuliza kwa Kirundi, "Mwanangu, nani anapiga hapa?"

Nikamjibu kwa adabu zote, "Mzee, ni wapiga ngoma wa Burundi."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayedhani sentensi haijaisha. Kisha akasema, "Nimekuuliza nani, umenijibu nchi."

Nilicheka kwa haya. Yeye hakucheka. Alinieleza polepole kwamba katika kundi la ngoma kila mtu hujulikana. Kuna anayeanza, kuna wanaomfuata, kuna anayejulikana kwa kuruka, kuna ambaye mkono wake wa kushoto unatambulikana hata ukiwa ng'ambo ya kilima. Ngoma yenyewe imetoka kwenye mti fulani, umuvugangoma, uliokuwa kwenye ardhi ya mtu fulani, na aliyeuchonga ana jina. "Sasa nyinyi mmeandika jina la mwenye gitaa, la mwenye shati, hata la aliyeuza shati," akasema. "Huyu anayepiga hamkumpa hata jina la ubatizo."

Nilikwenda kukisoma kibao upya, kama mara ya kwanza. Alikuwa sahihi. Majina manane ya wanamuziki wa Ulaya na Marekani, mwaka wa kila santuri, na neno moja kwa upande wetu: Burundi. Hata santuri ya mwaka 1971 ilitolewa kwa jina la msanii lililounganisha jina la nchi yetu na jina la kisanii la yule Mfaransa. Nchi nzima ilikuwa imegeuzwa jina la kwanza la mtu mmoja.

Jioni hiyo niliandika karatasi ndogo na kuibandika chini ya kibao: "Majina ya wapiga ngoma hayajaandikwa hapa. Mwenye kuyajua atuambie." Nilidhani Patroni atafurahi. Asubuhi karatasi haikuwapo. Aliniambia kwamba makumbusho hayatakiwi kuonesha mbele ya wageni kitu yasichokijua. Nikasema, "Patroni, lakini hatukijui." Akasema hiyo ndiyo sababu. Sikufukuzwa, nisimsingizie. Mkataba wangu ulipoisha haukurudiwa, basi. Mshahara wa mwezi wa mwisho ulikuja nusu, nusu nyingine bado iko njiani, pengine nayo inasubiri mafuta.

Nung'uniko la nne nalitaja kwa ufupi kwa sababu wengine wamelisema vizuri kuliko mimi. Msichana mmoja wa shule ya sekondari aliniuliza kama anaweza kuigusa ngoma. Nilimwonesha kibao cha "Usiguse". Akauliza, "Ni kwa sababu ya kioo au kwa sababu mimi ni msichana?" Katika Kirundi, ingoma ni ngoma na pia ni ufalme, na sehemu za ngoma zimepewa majina ya mwili wa mama, hadi maziwa na tumbo. Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilisema kwamba wanawake hawaruhusiwi kuzipiga ngoma hizo. UNESCO ilikuwa imeiingiza ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na binadamu, nijuavyo mimi, ni pamoja na yule msichana. Jumba la kumbukumbu lingeweza angalau kumweleza mjadala huo. Mimi nilimwambia tu kwamba ni kwa sababu ya kioo. Katika uongo wote niliousema kazini, huu ndio unaoniuma.

Baadhi ya wasomaji watasema namwonea Patroni. Jumba lake lilikuwa la mtu mmoja, kwa fedha zake, wakati ambapo wengi wenye fedha hujenga baa. Bila yeye nisingejua kwamba ngoma za kwetu zimo katika wimbo wa Joni Mitchell. Nakubali. Kuna kijana kutoka Buyenzi aliyekuja mara tano kwa ajili ya besi ya santuri moja tu, na sasa anajifunza kupiga gitaa la besi. Jumba baya la muziki bado ni bora kuliko ukuta mtupu. Ndiyo maana nalihakiki. Mtu hahakiki kitabu asichotaka kiandikwe vizuri.

Wengine watasema tuna mahali ambapo ngoma haimo ndani ya kioo: Gishora, karibu na Gitega, panapohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, ambapo ngoma hupigwa mbele ya wageni. Hiyo ni kweli, na ndilo jibu zuri kuliko yote niliyonayo. Kule muziki una jasho. Lakini hata pale mgeni anapoondoka na video yake kwenye simu, namuuliza swali la yule mzee: umerekodi nani? Akijibu "Burundi", tumerudi mwaka 1967.

Kwa hiyo naomba nihitimishe kwa mambo ambayo mfuta vumbi wa zamani angeyadai kama angepewa ufunguo wa jumba lolote la muziki, liwe Shangani, Cleveland au hapa kwetu. Chombo kimoja kiwe nje ya kioo, kiguswe na kila mtoto, kichakae, kinunuliwe kingine. Kanda ibadilishwe, na mfanyakazi aruhusiwe kuizima nusu saa kwa siku, ili wageni wasikie kwamba ukimya nao ni sehemu ya muziki. Kila sauti inayopigwa iwe na jina la mtu, na pale jina lisipojulikana, kibao kikiri hivyo kwa herufi kubwa kama zile za jina la mfadhili. Asiyejua akisema hajui, mwenye kujua atapata pa kuingilia.

Kuhusu lile la majina, sikungoja ufunguo. Mjukuu wa yule mzee aliniachia nambari yake ya simu. Tangu wakati huo, mimi na wenzangu wawili wa darasani tunampigia Jumapili jioni, mzee anakuja kwenye simu, na mimi naandika. Hadai kwamba hao ndio waliorekodiwa na Wafaransa, wala sisi hatudai. Ni watu aliowajua, wa vilima vya karibu, waliopiga ngoma miaka ile: jina, kilima, nafasi katika kundi, na jambo moja ambalo watu walimkumbukia. Mmoja alipiga na mkono wa kushoto. Mmoja aliogopa kuruka tangu alipoteleza mbele ya wakwe zake. Mpaka Jumapili iliyopita daftari lilikuwa na majina 17. Liko hapa mezani Mutanga Nord, halina kioo, na jalada lake tayari limepata doa la chai.